Wasikilize ndugu wa mgonjwa kabla ya kuwaombea

Wachungaji wenzangu mnaoanza kazi ya hospitali, nawasihi: mkifika wodini, msikimbilie maombi. Maombi yakitangulia, ndugu hufumba macho, huitikia amina, na waliyotaka kuyasema hubaki moyoni.

Mafunzo ya uchungaji wa hospitali yalipata mwanzo wake mwaka 1925, pale Anton Boisen, mchungaji aliyewahi kulazwa kwa maradhi ya akili, alipowapokea wanafunzi wa teolojia katika hospitali ya Worcester, Marekani. Alitaka wamsome mgonjwa kama wanavyosoma vitabu. Kwetu, ukimsoma mgonjwa bila ndugu zake umesoma nusu.

Mimi huanza kwa kuuliza: "Daktari amewaeleza nini mpaka sasa?" Kaka anajua figo zimeshindwa; mama bado anaamini ni malaria. Simwelezi mama ugonjwa wa mwanawe, hiyo ni kazi ya daktari. Humwendea muuguzi wa zamu, nikaomba daktari azungumze nao tena, wakiwa wameketi, si kwa kusimama koridoni. Nami huketi nao.

Kisha kuna suala la nani anasikilizwa. Baba mkubwa akifika kutoka mbali, wote humgeukia yeye, na anastahili heshima hiyo. Lakini yupo binti anayelala kwenye mkeka kando ya kitanda, anayemnywesha mgonjwa uji na kumgeuza asipate vidonda. Huyu haulizwi, na mara nyingi ndiye anayejua mgonjwa mwenyewe alitaka nini. Basi husema: "Shikamoo baba. Kwa ruhusa yako, tumsikie na dada, maana yeye ndiye aliyekuwa naye." Ni nadra kukataliwa.

Mgonjwa akifariki, msimpigie simu ndugu anayeendesha gari; mtafuteni mtu wa kumpokea. Familia ikiwa ya Kiislamu, waulizeni kama aitwe sheikh, na mfuatilie kibali cha mazishi mapema, kwani wao hawapendi kuchelewesha maziko.

Na bili. Ndugu huona aibu kumwambia daktari hawana pesa, hivyo humwambia mchungaji, "Tuombee tu." Waulizeni kwa upole, faraghani. Kama ni pesa, nendeni nao mpaka kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, kwa sababu wengi hawajui kwamba maombi ya msamaha wa gharama hupitia kwake, wala ofisi yake iko wapi.