Mifumo inazungumza, lakini daftari kashika nani?

Mleta uzi ameuliza hivi: ofisini kwao wana mfumo wa mikopo, wa malipo ya simu na wa SMS, kila mmoja umetoka kwa muuzaji wake, na bosi anataka "ianze kuzungumza". Waandike wenyewe programu ya kuiunganisha, au watafute injini ya kuendesha michakato? Na michoro ya BPMN, ile ya kuonyesha hatua za kazi kwa maboksi na mishale, ina kazi gani zaidi ya kupamba ripoti?

Mkuu, kazi hiyo nimeifanya miaka minne kwenye taasisi moja ya mikopo midogo Mwanza, na kabla ya hapo nilikuwa benki. Nakujibu kwa yaliyonikuta. Jibu ni refu, chukua chai.

Kuzungumza ni kazi ndogo. Mfumo wowote wa siku hizi una mlango wa API, yaani mahali programu nyingine inapoweza kuuita. Unabisha hodi, unaitikiwa. Kwetu mifumo ilizungumza tangu siku ya kwanza, tena ilikuwa na domo. Afisa akibonyeza "Idhinisha", mfumo wa mikopo unauita wa malipo, wa malipo unatuma pesa kwenye simu ya mteja halafu unauita wa SMS, kisha unarudi kuuambia wa mikopo uandike "Umelipwa". Sasa uliza wowote kati ya hiyo: mkopo wa mama huyu umefikia wapi? Kila mmoja unajua kipande chake. Safari nzima haijulikani kokote.

Mtindo huo ni kama msiba. Habari ikitoka, hakuna anayepanga. Huyu analeta turubai, yule anakwenda sokoni, vijana wanaelekea makaburini; mtu akisikia tu, anajua wajibu wake. Unakwenda vizuri ajabu, mpaka siku yanapokuja maturubai mawili na sukari haipo. Mtindo wa pili ni kamati ya harusi. Katibu wa kamati hapiki, hapambi, hapigi muziki, lakini daftari liko kwapani mwake: nani kaahidi, nani katoa, mpishi kasemaje, ukumbi unadai kiasi gani. Wenye fani wanauita wa kwanza koreografia na wa pili okestresheni, na yote miwili ni halali. Kutuma salamu za sikukuu kwa wateja, msiba unatosha. Pesa ikiingia, tafuta katibu. Injini ya mchakato ndiyo huyo katibu, na huduma zako ndio mpishi, mpambaji na mwenye ukumbi.

Sisi tulilijua hilo baada ya kuumia. Programu yetu ilikuwa inasubiri jibu la malipo sekunde 30. Ijumaa moja ya mwisho wa mwezi njia ya malipo ikawa nzito, jibu likawa linakuja baada ya sekunde 40, mara 50. Sekunde 30 zikitimia, programu inaandika "imeshindikana" na kujaribu tena, ilhali pesa ya kwanza imeshatoka. Jumatatu asubuhi akaja kaunta mama mmoja muuza dagaa wa Mwaloni, kashika kisimu cha batani, kanifungulia SMS mbili za laki tano tano zilizofuatana kama mapacha. "Mwanangu, mmenitumia mara mbili, au ndiyo mmeanza kutoa zawadi?" Yeye alirudisha siku ileile. Wapo waliozima simu.

Bosi alitaka tumlaumu mtoa huduma wa malipo. Kosa lilikuwa letu. Mtu asipokujibu kwa wakati hajasema hapana, hajasema kitu. Sisi tulikuwa na majibu mawili tu, ndiyo na hapana, na ukimya tukauhesabu kuwa hapana. Malipo yana hali tatu: yamekwenda, hayakwenda, haijulikani. Hiyo ya tatu ndiyo inayofukuzisha watu kazi, na kwenye michoro mingi niliyowahi kuletewa nikague haimo kabisa.

Tukabadilisha mambo mawili. Kwanza, namba ya rejea inatengenezwa na mchakato wenyewe na kuandikwa kwenye hifadhidata kabla ombi la malipo halijatoka. Kabla, si baada. Umeme ukikatika katikati, ukiwaka unaikuta. Tukilazimika kurudia, tunarudia na namba ileile, na upande wa pili ukiona namba unaoijua unatakiwa urudishe jibu la zamani bila kutoa pesa nyingine. Pili, ukitokea ukimya, mchakato haulipi tena. Unaingia hali ya "Haijulikani", unasubiri dakika mbili, unauliza: namba hii imefikia wapi? Unauliza tena baada ya dakika kumi, na tena baada ya saa moja. Ukikosa jibu, unaweka kazi kwenye orodha ya mhasibu, binadamu mwenye macho, apige simu.

Anayeona namba ya rejea ni kitu kidogo aangalie kumbukumbu namba za malipo ya serikali kupitia GePG, mfumo wa serikali wa kupokea malipo kielektroniki. Unapewa namba kwanza, ndipo unakwenda kulipa, benki au kwa simu, leo au keshokutwa. Popote pesa itakapoingilia, namba ndiyo inayosema ni ya bili gani. Wewe, benki na idara unayoilipa hamna haja ya kuonana.

Sasa michoro. BPMN 2.0 ilitoka rasmi 2011 chini ya OMG, muungano wa kimataifa unaotunga viwango vya programu, na 2013 ikawa kiwango cha ISO, shirika la viwango la kimataifa. Alama unazohitaji hazifiki kumi: duara ni mwanzo, boksi la kona za mviringo ni kazi, almasi ni njia panda, duara lenye saa ni kusubiri, lenye bahasha ni ujumbe. Faida yake ni kwamba afisa mikopo ambaye hajawahi kuandika programu anaisoma baada ya nusu saa na kukukosoa.

Mimi nilikosolewa. Mwongozo wa ofisi ulisema mkopo una hatua saba. Nikazichora kwenye karatasi za khaki, nikabandika ukutani, nikamwita dada mmoja afisa mikopo aliyekaa tawi lile kuliko meneja yeyote. Akasimama na kikombe chake, akafuata mishale kwa kidole, alipokaribia kamati ya mikopo kidole kikasita.

"Hapa umeruka."

"Nimeruka nini, dada?"

"Mimi huwa nawapigia wadhamini kwanza. Mmoja akisema mtu huyu simjui, faili silipeleki kamati."

"Unalipeleka wapi?"

Akanichukua hadi mezani kwake, akavuta droo ya chini. Mafaili thelathini na kitu. Hayakukataliwa, hayakukubaliwa. Kwenye mfumo yote yalisomeka "Yanasubiri kamati", na wateja wenyewe walikuwa wanapiga simu kila wiki wakijibiwa mtandao unasumbua. Tulipochora upya tukaongeza hali mpya, tukaiita Droo. Ina saa yake: siku 14 zikipita, mteja anapata ujumbe alete mdhamini mwingine, asipoleta ombi linafungwa. Jina limebaki hivyo hivyo, wakaguzi wakija wanacheka halafu wanaomba maelezo.

Kwa hiyo, kabla hujagusa kompyuta, kamtafute mwenye droo ofisini kwenu. Yupo.

Jingine ni kurudi nyuma. Ndani ya hifadhidata moja, hatua ikishindikana unafuta zote, kama hakikutokea kitu. Ukishavuka mifumo mitatu huwezi. Mwaka 1987 Hector Garcia-Molina na Kenneth Salem waliandika juu ya kitu walichokiita saga: kazi ndefu unaikata vipande, na kila kipande unakiandalia kipande cha kukifidia. Niliisoma makala ile mara mbili nikaona nimeelewa, lakini aliyenielewesha ni mhasibu wetu. Nilimwambia, malipo yakishindikana tutafuta mkopo kwenye leja. Akaniangalia kama nimetukana. "Leja haifutwi. Unaandika mstari mwingine wa kurudisha, na wa kwanza unabaki." Saga ndiyo hiyo. Kila hatua unayoichora jiulize mstari wake wa kurudisha ni upi. Nyingine hazina. SMS ikishaingia kwenye simu ya mteja imeingia, maji yamemwagika. Ndiyo maana kwetu ujumbe wa "Hongera" ulihamishwa ukawa wa mwisho kabisa, baada ya malipo kuthibitishwa. Mwanzoni ulikuwa unatoka kamati ikiidhinisha tu, na watu walikuwa wanakuja kugombana.

Kuhusu zana. Benki tulitumia BPEL, lugha ya kuandikia michakato inayoita mifumo mingine, ambayo toleo lake la 2.0 lilipitishwa 2007 na OASIS, shirika jingine la viwango. Kuunganisha mashine na mashine ilikuwa imara, sitaisema vibaya. Lakini ndani ya kiwango chenyewe binadamu hakuwemo. Ukitaka hatua ya "meneja apitie" unatafuta kiendelezo cha pembeni. Mkopo usio na binadamu katikati mimi sijauona. Halafu mchakato wenyewe ni faili la XML, maandishi ya kusomwa na mashine, refu kama treni ya reli ya kati; ukimwonyesha meneja mikopo anaomba ruhusa ya kwenda msalani. Leo ningeanza na injini inayoendesha BPMN moja kwa moja. Camunda na Flowable zote zilianza kama matawi ya Activiti, injini iliyozitangulia, na mchoro alioukosoa yule dada ndio unaotembea kwenye seva, hakuna wa kupamba na wa kufanyia kazi. Kama timu yenu ni ya watu wawili na mchakato ni mmoja wa hatua nne, andikeni wenyewe: jedwali moja la hali, foleni moja, na programu inayozinduka kila dakika kuangalia nani amekwama. Ila msije mkanunua "basi" kubwa la kuunganishia mifumo (ESB, programu ya kati ambayo ujumbe wote hupitia) kwa sababu muuzaji kaleta slaidi nzuri. Kwa mifumo mitatu hiyo ni kununua lori la kubebea mkaa wa jiko moja.

Kitu ambacho sikukitegemea ni mchakato kubadilika ukiwa njiani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilipoanza kutumika Mei 2023, tuliongeza hatua ya mteja kutoa ridhaa. Maombi mapya sawa, yanaanza na mchoro mpya. Yale yaliyokuwa katikati? Injini nzuri inayaacha yamalizie kwenye toleo yalikoanzia, na kwa kawaida hilo ndilo unalotaka. Safari hii halikuwa tunalotaka, ridhaa ilihitajika kwa wote. Tulikaa Jumamosi mbili tukiyahamisha, moja moja yale yaliyokuwa kwenye Droo. Weka namba ya toleo tangu siku ya kwanza, hata kama unaandika mwenyewe.

Na ukishakuwa na daftari moja, lisome. Bosi wetu alitaka seva mpya kwa sababu mikopo inachelewa. Nikatoa muda wa kila hatua ya miezi mitatu: kompyuta zote kwa pamoja zilikula chini ya dakika moja kwa mkopo. Siku zilikuwa zinaliwa na kusubiri kamati, iliyokaa Jumanne tu. Ikaongezwa Ijumaa. Seva ile ya zamani iko hadi leo.

Wiki hii, mkuu, kabla ya yote, mwandikie mtoa huduma wenu wa malipo barua pepe yenye maswali mawili: nikikutumia namba ya rejea ileile mara mbili utafanya nini, na je, una mlango wa kuulizia hali ya muamala kwa namba yangu, si kwa namba yako? Taka jibu la maandishi, la simu usilikubali. Wetu alichukua wiki tatu kujibu, na jibu la swali la kwanza lilikuwa "inategemea". Ukipata hilo, rudi hapa nikuonyeshe tulivyochora njia panda yake.