Unataka Austin-Healey 100 yenye vifaa vya Le Mans? Soma hapa kwanza

Kama unawinda Austin-Healey 100, lile gari la michezo la zamani, huku Uingereza, jua kabisa zile zenye mkanda wa ngozi juu ya boneti ndo zinatajwa bei ya juu na ndo hizo hizo zenye maneno mengi. Zilizotoka kiwandani na vifaa hivyo tayari zinaitwa 100M, na walitoa 640 tu, mwaka 1955 na 1956, zote BN2 (toleo la pili la 100, la kwanza ni BN1). Lakini vifaa vyenyewe viliuzwa pia kama seti, inaitwa seti ya Le Mans (jina la mbio za magari za Ufaransa), unanunua unafunga kwenye gari uliyonayo, kwa hiyo hata BN1 ya 1953 unaweza kuikuta nayo na hakuna kosa hapo. Shida inaanza mtu anapokuuzia seti kwa bei ya 100M.

Yangu ni BN2 na muuzaji aliniapia ni M ya kiwandani. Nikamwambia sawa mzee, tusubiri cheti. British Motor Museum pale Gaydon wanatoa cheti kutoka kwenye rekodi za kiwanda, kinaonyesha namba ya chesisi, ya injini, rangi iliyotoka nayo na vifaa ilivyotoka navyo. Kikaja, habari za M hamna kabisa. Mzee akawa mpole, bei ikashuka, na mimi nikaichukua bila kinyongo maana injini ile ya silinda 4 (cc 2,660) ilitoka na hospawa 90, seti inaisogeza mpaka kama 100, M yenye pistoni za kompresheni kubwa ndo 110. Hizo kumi mimi siwezi kuziuzia shamba.

Ila utamu upo jamani. Kabureta mbili za kampuni ya SU za inchi 1¾ badala ya zile za 1½, boksi la kuvuta hewa ya baridi, kamshafti yake na distribyuta yake, ukikanyaga inavuta unacheka peke yako.

Sasa ukienda kuiona, rangi achana nayo, rangi hata jana inapigwa. Lala chini uangalie chesisi na vizingiti vya milango. Bati la mbele linalozunguka grili na lile la nyuma ni alumini, mabawa (madigadi) ni chuma, na pale zinapokutana ndo kutu inapenda kukaa, pitisha kidole kwenye ungio ukisikia vimalengelenge chini ya rangi ujue kazi ipo. Ukipitisha sumaku isiposhika kwenye alumini usianze kugomba na mtu eti kajaza puti 😂

Rimu za spoku nazo: piga jeki, mtu akanyage breki, we shika tairi tikisa mbele nyuma. Ukisikia "tak tak" meno ya habu (kitovu cha gurudumu) yameisha, na hiyo sio ya kusema utarekebisha baadaye, ndo yanayoshikilia gurudumu. Halafu gonga spoku moja moja na spana, ikilia bubu imelegea.

Kwenye kabureta zima injini, toa filta ya hewa, nyanyua pistoni yake kwa kidole uiachie, inatakiwa ishuke kwa ulaini iishie na mlio wa kugota. Ikikwama, idondoshee muuzaji bei.

Mafuta mi natia E5 ya supa tu (ethanoli haizidi asilimia 5), toka 2021 petroli ya kawaida huku ni E10 (mpaka asilimia 10) na hiyo ethanoli inakula mipira ya zamani, kwa hiyo paipu za mafuta badilisha zote hata kama zinaonekana nzima. Egzosti iko chini sana, matuta itakwaruza tu zoea, na joto la miguuni hata baridi ya Februari unavua koti.

Kwenye majaribio lazima ufike barabara kubwa, kwa BN2 washa ovadraivu (gia ya ziada inayopunguza mzunguko wa injini) ukiwa gia ya 3 na ya 4, injini ishushe sauti hapo hapo, ikisuasua au ikigoma kutoka anza kuangalia waya na oili kabla hujakubali mtu akwambie gia boksi nzima ishuke.