Shangazi, wenzangu wanataka riwaya yangu ianze na maiti

*Shangazi, shikamoo. Naandika riwaya ya dada wawili wanaogombea nyumba aliyoiacha mama yao. Sura ya kwanza nimeiandika upya hadi imenichosha, maana kila nikiisoma kwenye kikundi chetu cha waandishi natoka na ushauri mpya. Mmoja anataka ianze na maiti. Mwingine anasema dada mdogo aondolewe kabisa. Moyo wangu unataka ianze dada mkubwa akihesabu funguo za nyumba. Juzi nikagundua kisa kama hiki kimeshaandikwa, nikaweka kalamu chini. Nifuate moyo au niwasikilize wao? – Mwenye Kalamu Chini*

Marahaba, mwanangu. Tuanze na hilo la kisa kuwa kimeshaandikwa, maana ndilo jepesi. Shakespeare hakubuni kisa cha Romeo na Juliet. Alikikuta katika shairi refu la Arthur Brooke lililochapishwa mwaka 1562. Kwa Brooke mapenzi yale yanachukua miezi. Shakespeare aliyabana yakaisha kabla wiki haijakatika, na Mercutio, rafiki wa Romeo katika tamthilia yake, ambaye kwa Brooke anapita tu karamuni, akampa ulimi mkali na kifo. Upya wake uko hapo, katika muda na katika mtu aliyepewa nafasi. Kitabu ulichokigundua usikisome mpaka umalize rasimu yako. Ukikisoma sasa utaanza kukikwepa, na anayemkwepa mtu kila kona bado anaongozwa na huyo mtu.

Sasa moyo. Si kila sauti ya ndani ni machale. Hofu huzungumzia kazi nzima: hujui kuandika, nani atakusoma. Machale hugusa mahali: sentensi hii, mlango huu, jibu hili la dada mdogo. Lawama isiyo na ukurasa ipuuze. Yenye ukurasa, piga mstari pembeni, uendelee.

Kuna na sauti nyingine inayojifanya machale, nayo ni kumbukumbu. Wazo linalokuja la kwanza mara nyingi ni kitu ulichosoma mahali. Chukua hizo funguo, uandike haraka mambo 10 ambayo dada mkubwa anaweza kuzifanyia, bila kufuta. Ya mwanzo yatakuwa ya kila mtu: anazikumbatia akilia, anazitupa, anazificha. Ukifika la sita au la saba akiba hiyo inaanza kukauka, na hapo ndipo anaweza kutokea dada anayeng'ang'ania ufunguo wa kabati lililouzwa zamani. Chagua lile unalolitaka bila kuweza kueleza kwa nini. Ukirudi kwenye kuhesabu, vizuri. Sasa umelichagua kweli.

Kosa lako kubwa, kwa maoni yangu, ni kung'arisha sura ya kwanza wakati hujui ya mwisho. Mwanzo hufanya kazi ya kuandaa mwisho, usioujua utauandaaje? Iache kama ilivyo. Andika kwa vipande vya dakika 20 bila kurudi juu kusoma. Ukikwama, weka mabano, "hapa wanagombania hati", uruke. Kikundini peleka hadithi fupi mpaka rasimu iishe, kwa sababu rasimu inayosomwa sura moja moja huishia kuandikwa na kikundi.

Ikiisha, ifungie wiki nne, kisha isome kwa sauti. Ulimi ukijikwaa, au macho yakitaka kuruka aya, tia alama. Halafu wape wasomaji watatu wasioambiana, uwaulize wapi walichoka, wapi walipotea, wapi hawakuamini. Usiwaulize urekebishe vipi. Wawili wakigusa ukurasa mmoja, pana ugonjwa, hata kama dawa zao hazifai.

Ushauri ulioupata nao usome hivyohivyo. Anayetaka maiti huenda anakuambia alichoka mapema. Angalia kama umeeleza ukoo mzima kabla ya funguo kutokea. Ukate huo ukoo, uone kama maiti bado inahitajika. Anayetaka dada mdogo aondolewe pengine hakuona dada huyo anataka nini. Mhusika ambaye kazi yake ni kumpinga mwenzake tu huonekana wa ziada. Mpe haja yake mwenyewe, isiwe nyumba: labda anataka dada yake akiri jambo fulani. Tena haja hiyo ionekane katika tendo, si katika maelezo ya msimulizi.

Ukibaki njia panda, andika tukio hilo mara mbili, ukurasa mmoja kwa njia yako na mwingine kwa njia yao. Lala, usome asubuhi. Utakaokupa tukio linalofuata bila kulitafuta ndio ubaki nao, hata ukiwa wa yule wa maiti.