Madonge Matano Yaliyoniponza

Juma lililopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba fundi anayemtandikia mawe ya asili bustanini huweka madonge matano ya udongo wa saruji, yaani saruji iliyokorogwa na mchanga, chini ya kila bamba, manne kwenye pembe na moja katikati, naye akataka kujua kama hiyo ni kazi. Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka, kwa maana hata mimi baraza yangu ya kwanza niliijenga hivyo hivyo.

Niliijenga kwa mikono yangu, na wageni walipoisifu nilizipokea sifa kana kwamba hata mawe niliyachonga mimi. Baada ya mvua za msimu wa pili, madoa matano meusi yalijitokeza juu ya kila bamba kama upande wa dadu, kwa kuwa penye donge jiwe lilikauka tofauti na penye uwazi. Maji yalituama humo ndani, siafu wakahamia, na ukigonga kwa kifundo cha kidole ulisikia mlio wa debe tupu. Siku bamba moja lilipobonyea chini ya kiti cha mkwe wangu na chai ikammwagikia, hakusema neno, ningependa angesema.

Nikaifumua yote. Habari za kuchimba na kushindilia kokoto, milimita 100 kwa tabaka mbili, hazina utamu wa kusimulia, ila msiziruke. Safari hii kila bamba lilipata kitanda kamili cha udongo wa saruji, kipimo kimoja cha saruji kwa vinne vya mchanga, unene wa milimita 30 hadi 40, bila kuacha uwazi hata wa kidole. Mgongo wa jiwe niliupaka kwanza uji wa saruji uliotiwa gundi ya saruji, kisha nikaliketisha jiwe uji ukiwa bado mbichi, kwa nyundo ya mpira na pima maji, mteremko wa sentimita 1 kwa kila sentimita 80 ukielekea mbali na nyumba. Mawe ya asili hayalingani unene, kwa hiyo kitanda ndicho kinachosawazisha, na aliyezoea vigae vya kiwandani hapa hupotea.

Ndugu zangu, tunapenda mno kinachoonekana juu! Tunachagua rangi ya jiwe kwa mwezi mzima, halafu chini yake tunabania ndoo mbili za mchanga. Jazeni kitanda, nasema tena, jazeni kitanda. Na atakayewashauri kuosha mawe ya chokaa kwa asidi ili kutoa mabaki ya saruji, mkatazeni, maana asidi hulila jiwe lenyewe.

Yule msomaji nimemjibu amwombe fundi wake ainue bamba moja tu, lile la mwisho kuwekwa, kabla saruji haijashika, walitazame chini pamoja. Mpaka naandika haya hajanirudia.