Faili la GnuCash nyumbani: nakala yako umewahi kuifungua?

Umeuliza kama ni busara kuliondoa faili lako la GnuCash, programu ya kutunza hesabu za fedha, kwenye hifadhi ya wingu na kulibakiza kwenye kompyuta yako tu. Mimi nimeziweka hesabu za nyumba yangu kwenye diski yangu mwenyewe kwa miaka mingi na sina nia ya kuzihamisha, lakini neno hilo "tu" liliwahi kunigharimu, kwa hiyo naanzia hapo.

Mwaka 2019 diski ya kompyuta yangu ilikufa asubuhi moja bila dalili yoyote. Sikushtuka sana, kwa kuwa kila mwisho wa mwezi nilikuwa nikinakili hesabu kwenye flashi. Nilipoichomeka kwenye kompyuta ya mdogo wangu, nilikuta kwamba kwa miezi saba nilikuwa nimenakili njia ya mkato iliyokuwa kwenye uso wa kompyuta, kitu cha kilobaiti mbili kinachoelekeza kwenye diski ile ile iliyokufa, wala si faili lenyewe. Nakala ambazo GnuCash huzitengeneza kila unapohifadhi, zile zenye tarehe na saa kwenye majina yake, nazo zilikuwa katika folda ile ile, kwani huko ndiko inakoziweka, na kwa mpangilio wake wa kawaida huzifuta baada ya siku 30. Nakala hizo hukuokoa ukikosea hesabu; diski ikifa, zinakufa nayo.

Miamala ya benki na ya M-Pesa niliirudisha kwa kuomba taarifa za akaunti na kuziingiza upya jioni baada ya jioni. Ya fedha taslimu haikurudi: malipo ya mafundi, matumizi ya sokoni, michango ya misiba, na mkopo niliompa jamaa ambao kumbukumbu yake pekee ilikuwa katika faili lile.

Hata hivyo sikuhamia kwenye wingu. GnuCash hailifungi faili kwa nenosiri. Faili lake la kawaida ni XML, yaani maandishi ya kawaida, iliyobanwa kwa gzip ili kupunguza ukubwa, na yeyote atakayelipata atasoma mshahara wako, madeni yako na majina ya unaowadai. Uwazi huo huo ndio unaonipa imani kwamba hata programu ikitoweka, maandishi yatasomeka. Kampuni ya Intuit ilipoifunga Mint, huduma yake ya hesabu za mtandaoni, mwezi Machi 2024, watumiaji wake wa Marekani waliotaka kubaki na miamala yao ilibidi waipakue mapema. Microsoft Money, programu ya hesabu ya kwenye kompyuta, nayo iliacha kuuzwa mwaka 2009, lakini mafaili yalikuwa kwenye diski za wenyewe, na kampuni ikatoa toleo la bure la kuendelea kuyafungua. Tofauti hiyo kwangu ni kubwa mno.

Niliwahi pia kujaribu folda inayojisawazisha kati ya kompyuta mbili. GnuCash huweka faili dogo la kufuli ili watu wawili wasifungue hesabu kwa wakati mmoja, lakini intaneti ikichelewa, kufuli hilo halifiki upande wa pili kwa wakati. Nilijikuta na mafaili mawili, kila moja likiwa na miamala ambayo mwenzake hana.

Sasa faili langu linakaa kwenye kompyuta, na nakala zake ziko kwenye diski mbili za nje zilizosimbwa kwa VeraCrypt, programu inayofunga data kwa nenosiri. Moja iko kabatini, nyingine kwa dada yangu katika mtaa mwingine, maana mwizi akiingia hachagui, huchukua kompyuta pamoja na kila kilicho karibu nayo. Tunabadilishana diski kila ninapomtembelea. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi naifungua nakala kwenye kompyuta nyingine na kulinganisha salio la akaunti tatu na lile la faili kuu. Kazi hiyo haifiki dakika kumi. Nenosiri la VeraCrypt likipotea hakuna wa kukurudishia, kwa hiyo nimeliandika kwenye karatasi ndani ya bahasha iliyofungwa, na mke wangu anajua ilipo.

Kwa hiyo usilifute bado faili lililoko kwenye wingu. Litengenezee kwanza nakala, ipeleke kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuona hesabu zako, uifungue huko, na utazame kama muamala wako wa jana umo.