Maswali ya Wasomaji: Pilipili manga imeingiaje kwenye mvinyo?

Safu hii huandikwa na mzaliwa wa Lushoto anayeuza mvinyo mjini Lyon, Ufaransa. Safari hii maswali yote yamehusu zabibu moja, Syrah.

Swali: Dada, habari za huko. Mume wangu alirudi safari na chupa ya Saint-Joseph ya Ufaransa, akasema ni Syrah. Mimi nimezoea Shiraz ya Australia ya supamaketi: nzito, inanukia jemu. Hii ya kwake ilikuwa nyepesi, ina ukali kidogo, na naapa ilinukia pilipili manga. Muuzaji mmoja hapa mjini anasema Wafaransa hutia viungo. Ni kweli? Na kama Shiraz na Syrah ni kitu kimoja, mbona hazifanani hata kidogo?
*Msomaji, Mbezi Beach, Dar es Salaam*

Jibu: Dada yangu, hakuna aliyetia kiungo, na huyo muuzaji mwambie apunguze hadithi. Sheria za mvinyo za Ulaya haziruhusu kutia pilipili kwenye Saint-Joseph. Harufu uliyoisikia imetoka kwenye ganda la zabibu, na ni kitu kile kile kinachonukia kwenye pilipili manga ya jikoni kwako. Kinaitwa rotundoni. Mwaka 2008 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Mvinyo ya Australia walichapisha matokeo yao kwamba ndicho kinachoipa Syrah harufu hiyo, na wakakikuta kwa wingi kwenye pilipili manga yenyewe. Kabla ya hapo kilishajulikana kutoka kwenye ndago, yale magugu yenye vijiazi yanayowatoa jasho wakulima wa kwetu. Nani angedhani!

Kiasi chake ni cha kustaajabisha. Nanogramu 16 tu kwa lita moja zinatosha watu wengi kukisikia ndani ya mvinyo mwekundu. Piga hesabu: gramu moja ingetosha lita milioni 60 na ushei. Kwa hiyo tofauti ndogo shambani hutokeza tofauti kubwa kwenye glasi, na hapo ndipo baridi inapoingia.

Rotundoni hujikusanya mwishoni, zabibu zikiwa zimeshageuka rangi, na joto haipatani nalo. Ganda likikaa juani na kupita nyuzi joto 25 mara kwa mara, inapungua. Katika shamba la Mount Langi Ghiran, huko Victoria, Australia, watafiti walipima safu kwa safu wakaona pilipili haiko sawa shamba zima: inafuata mteremko, inafuata kivuli. Hata kwenye kichala kimoja, punje zilizojificha huwa nayo zaidi ya zile zinazotazama jua.

Hilo nimelijua kwa ulimi kabla sijalisoma. Mwezi Septemba huwa naomba ruhusa dukani niende kuvuna Ampuis, nusu saa kwa gari kusini mwa Lyon, kwenye miteremko ya Côte-Rôtie. Mlima umesimama, kila mzabibu umefungwa kwenye miti mirefu ili upepo wa mistral usiuvunje, na ukikanyaga vibaya unateremka na ndoo yako. Asubuhi ni baridi ya kuvaa sweta. Chuma punje ya upande wa nje, tafuna: tamu, basi. Sasa ingiza mkono chini ya majani, chuma ya ndani, tema mbegu, ganda ulitafune polepole. Kwanza ukakasi, halafu kwa nyuma kabisa kinakuja kitu kinachowasha kidogo puani.

Lakini pilipili ni sehemu tu ya habari. Zabibu ikiwa inaiva, mambo kadhaa huenda kwa pamoja. Sukari inapanda, na hiyo ndiyo itakayogeuka kilevi. Asidi inashuka, kwa sababu mmea wenyewe unaitumia, na usiku wa joto huitumia haraka zaidi. Ganda linapata rangi na harufu, mbegu zinakomaa. Penye joto kali sukari hutangulia mbio na kuwaacha wenzake njiani. Ukingoja ganda likomae, sukari imeshafika mbali. Ndiyo maana Shiraz nyingi za Bonde la Barossa, Australia, hufika asilimia 14.5 au 15 za kilevi, zikiwa na ladha ya jemu, chokoleti na matunda yaliyokaukia mtini. Penye ubaridi kila kitu kinachukua muda wake. Kilevi kinabaki 12.5 au 13 na kidogo, ule ukali unaokufanya umeze mate unabaki, na harufu zinakuwa za forosadi, zeituni nyeusi, maua, nyama iliyopitishwa kwenye moshi. Mtu aliyekulia milimani kama mimi anaelewa: plamu ya Lushoto inayoiva taratibu haina ugomvi na ile iliyoivishwa na joto la lori njiani kwenda Kariakoo, ila mdomoni si ndugu.

Usidhani basi kwamba baridi ikizidi ndiyo bora. Syrah isiyoiva ni adhabu: chungu, chachu, inanuka majani mabichi. Tena hawa watu wa Côte-Rôtie, jina lenyewe likimaanisha mteremko uliochomwa, wanalikimbilia jua kwa kila mbinu. Wamepanda kwenye mteremko unaotazama kusini-mashariki, juu ya mawe yanayotunza joto la mchana. Wako mahali ambapo zabibu hii inaiva kwa shida, kisha ndani ya mahali hapo wamechagua pembe yenye joto. New Zealand wamefanya vivyo hivyo kule Hawke's Bay, kwenye kokoto za Gimblett Gravels zilizoachwa na mto Ngaruroro. Kwa maoni yangu Syrah bora kuliko zote hutoka kwenye pembe za namna hiyo, siyo kwenye baridi tupu.

Na mwaka nao una kauli yake. Mwaka 2003 Ufaransa ilipigwa na joto lililoua maelfu ya watu. Huku bonde la mto Rhône watu waliingia kuvuna Agosti. Nimeonja Hermitage, Syrah ya bonde hili, ya mwaka huo. Ungeniziba macho ningesema Australia.

Kuhusu majina: ni mmea mmoja. Vipimo vya DNA vya mwaka 1998 vilionyesha wazazi wake ni Dureza na Mondeuse Blanche, zote za kusini-mashariki mwa Ufaransa, kwa hiyo hadithi kwamba ilitoka mji wa Shiraz kule Uajemi iwekeni kando. Australia ilipelekewa vipando na James Busby, mtaalamu wa mizabibu, mwaka 1832. Siku hizi baadhi ya watengenezaji wa Australia na Afrika Kusini huandika Syrah badala ya Shiraz kukuashiria kwamba wamefuata mtindo mwepesi. Hiyo si sheria, ni ishara tu. Mimi hugeuza chupa nikasoma kilevi: 13 au 13.5, naichukua, 15, najua ninachokwenda kukutana nacho. Halafu natazama mahali. Adelaide Hills, Yarra Valley na Grampians kwa Australia. Elgin kwa Afrika Kusini, nyanda za matufaha zinazopata hewa ya bahari. Crozes-Hermitage kwa Ufaransa ukitaka bei isiyokuumiza.

Swali: Mwanangu, mimi ni mkulima wa zabibu Hombolo, Dodoma. Nina zabibu za aina ya Makutupora na kipande cha Syrah. Mvinyo wa Syrah yangu una rangi nzuri lakini hauna hiyo pilipili mnayoisifia. Nifanyeje?
*Mkulima, Dodoma*

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Sitakuahidi Côte-Rôtie, maana nitakuwa nakudanganya. Huku mzabibu hulala majira yote ya baridi, hauna jani hata moja. Kwenu haulali, ninyi ndio mnaouamsha kwa kupogoa, na ndiyo sababu mnavuna mara mbili kwa mwaka. Hilo, mzee, ndilo silaha yako. Mfaransa hana uwezo wa kuchagua zabibu zake ziive mwezi gani. Wewe unao.

Mavuno ya Machi huivia kwenye joto na mvua. Yale ya Agosti na Septemba huivia kwenye Juni na Julai yenu, na mimi nimeshalala Dodoma mwezi wa Julai, najua lile blanketi halikuwekwa kwa mapambo. Mko mita 1,000 na ushei juu ya usawa wa bahari. Kila mita 100 za mwinuko hupunguza takriban nusu nyuzi au zaidi kidogo. Usiku wa baridi, mchana mkavu, ugonjwa wa ukungu hausumbui sana. Ningekuwa wewe Syrah ningeipogoa kwa hesabu ya mavuno hayo, na ya Machi nisingeitegemea kwa mvinyo mzuri.

La pili ni majani. Najua kuna wataalamu wanaohimiza kupukutisha majani ili vichala vipate hewa. Upande wa asubuhi, sawa. Upande wa magharibi, unaopigwa na jua la saa tisa alasiri, yaache. Safu mbili zipukutishe, safu mbili uziache, utengeneze mvinyo wake kila moja peke yake, uonje mwenyewe.

Swali: Mke wangu anasikia pilipili kwenye Syrah, marafiki zangu wanasikia, mimi sisikii kitu. Wananicheka. Pua yangu ni mbovu?
*Msomaji, Nairobi*

Jibu: Si mbovu. Watafiti wale wale wa Australia walikuta kwamba karibu mtu mmoja kati ya watano hakisikii kabisa rotundoni, hata kikizidishwa mara mia kadhaa. Ndivyo ulivyozaliwa, ndugu. Wewe sikiliza zeituni na moshi, na ukiulizwa kuhusu pilipili waambie imeisha.

Swali: Mvinyo mwekundu huku tunaambiwa unywewe bila kuwekwa kwenye friji. Ni sawa?
*Msomaji, Mombasa*

Jibu: Ushauri huo ulitolewa na watu ambao sebule zao zilikuwa na nyuzi joto 17. Sebule ya Mombasa ina 30, na kwa joto hilo Syrah nyepesi inanuka kilevi tu, ile harufu yake yote inafukiwa. Iweke chupa kwenye friji saa moja na nusu hivi, ifike 15 au 16, uimimine kidogo kidogo na kuirudisha. Mishkaki ya ng'ombe yenye pilipili manga nyingi inaiendea vizuri sana. Samaki wa kupaka, hapana. Kwa huyo tafuta mvinyo mweupe.