Wasomaji Wanauliza: Kamera za Kuonea Gizani kwa Boti za Usiku

Swali: Nina boti ya faiba ya mita 8. Nabeba abiria na mizigo kati ya Matema na vijiji vya chini ya milima ya Livingstone, na mara nyingi giza linanikuta ziwani Nyasa. Hofu yangu ni mitumbwi isiyo na taa. Dukani nimeonyeshwa kamera ya infraredi kama zile za kulinda majumba, na nyingine inayosoma joto, ambayo ni ghali mno. Ile ya bei nafuu haitanifaa? *Nahodha, Matema*

Jibu: Haitakufaa, nahodha, hata ikiwa imetengenezwa vizuri. Kamera ya infraredi huwasha taa yake yenyewe, ambayo macho yetu hayaioni au huona wekundu hafifu tu, kisha husubiri mwanga huo ugonge kitu na kurudi. Getini unarudi vizuri. Ziwani, maji yaliyotulia huutupa mbele moja kwa moja. Kinachorudi ni ule uliogonga omo, yaani sehemu ya mbele ya boti yako, matone ya mawimbi na ukungu. Skrini inajaa weupe wa vitu vya karibu huku mtumbwi ulio mita 60 mbele ukibaki gizani. Kama unayo tayari, itumie kusogelea gati tu, na uifunge mbele kabisa isije ikamulika boti yenyewe.

Zipo pia darubini zinazokuza mwanga wa mwezi na nyota. Shida yake kwa Nyasa ni kwamba usiku wa giza, unapozihitaji zaidi, ndio usiku wa kuvua dagaa kwa taa. Taa moja ikiingia kwenye picha inatengeneza duara jeupe linalofunika kila kilicho jirani yake, na mtumbwi usio na taa huenda uko hapo hapo.

Kamera ya joto haihitaji mwanga wowote. Mtu aliyekaa mtumbwini ana joto kuliko maji, kwa hiyo anajitokeza hata kama hana kibiriti, na taa za wavuvi haziipofushi. Nunua hiyo, lakini usinunue kwa kauli ya muuzaji kwamba "inaona kilometa moja". Uliza ina pikseli (vidoa vidogo vinavyounda picha) ngapi kwa upana na pembe yake ya kuona ni nyuzi ngapi, kisha piga hesabu.

Chukua kamera ya pikseli 384 yenye pembe ya nyuzi 25. Kwenye umbali wa mita 100, picha yake ina upana wa takriban mita 44. Gawa kwa 384: kila pikseli inabeba kama sentimita 11.5. Kichwa cha mvuvi kinapata pikseli mbili, yaani nukta. Mita 300, pikseli moja ni karibu sentimita 35, na kiwiliwili kizima kimebaki nukta. Ya pikseli 640 yenye pembe ileile inashuka hadi sentimita 7 kwa mita 100. Sasa weka mwendo wako: noti 10 (noti ni kipimo cha mwendo wa chombo majini) ni kama mita 5 kwa sekunde, hivyo mita 100 zinakwisha kwa sekunde 20. Ukienda noti 20 umebakiwa na sekunde 10 za kuona, kuamua na kukata usukani.

Kwa kazi yako, 384 ndiyo ya chini kabisa tunayoweza kukushauri. Ukuzaji wa kielektroniki usikushawishi, kwani unanenepesha nukta zilezile. Epuka darubini za joto za kuwindia: pembe yake ni nyembamba, na mtumbwi wa ubavuni utakupita bila kuuona. Uliza pia inatoa picha ngapi kwa sekunde. Zipo za picha 9, na kwenye mawimbi zinarukaruka hadi macho yanachoka. 25 ni bora zaidi. Kinga ya maji iwe IP67, yaani daraja la kifaa kinachostahimili hata kuzama majini kwa muda mfupi.

Jambo moja tunakuomba ulishike kwa uzito. Masika, mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushusha magogo ziwani. Gogo lililolowa lina joto sawa na la maji, na kamera inaweza isilione kabisa. Nyavu zilizo chini ya maji hazionekani kwa kamera yoyote. Mvua kubwa na ukungu mzito nao hufupisha umbali. Usiku wa namna hiyo kamera isikupe ujasiri wa kuongeza gesi: punguza mwendo na uweke mtu omo. Taa zako nazo ziwake, nyekundu kushoto, kijani kulia na nyeupe juu, maana mwenye mtumbwi hana kamera ya kukuona wewe.

Swali: Nimefunga kamera ya joto ndani ya kabini, nyuma ya kioo. Picha ni ya kijivu na naona kivuli cha sura yangu. Ni mbovu? *Itungi, Kyela*

Jibu: Nzima kabisa. Kioo cha kawaida hakipitishi joto la aina inayosomwa na kamera hiyo, bali hulirudisha, ndiyo maana unajiona. Itoe nje, juu ya paa. Lenzi yake mara nyingi ni ya germaniamu yenye tabaka jembamba juu: mwagia maji safi kwanza, kisha futa kwa kitambaa laini. Mchanga ukisuguliwa pale unaacha mikwaruzo ya kudumu.

Swali: Kamera ya joto itanionyesha visiki vya bwawa la Mtera? *Mvuvi, Iringa Vijijini*

Jibu: Vilivyochomoza, ndiyo, kwa sababu mti mkavu hupoa usiku kuliko maji. Vilivyozama, hapana. Baada ya jua kuzama na baada ya kuchomoza, kuna muda mti na maji hulingana joto na picha hufifia.

Swali: Kamera yangu huzimika kila nikiwasha injini. *Matema*

Jibu: Stata inavuta umeme mwingi, volti za betri zinaanguka, kamera inajizima. Ipe betri yake. Kamera ya wati 15 na skrini ya wati 10 ni ampea 2 na kidogo kwa volti 12, yaani kama ampea-saa 21 kwa usiku wa saa kumi. Betri ya asidi ya ampea-saa 50 inatosha bila kuishusha chini ya nusu. Tumia waya wa milimita 2.5 za mraba, na fyuzi ya ampea 5 ikae karibu na betri, sio karibu na skrini, ili waya ukichunika njiani fyuzi ikate kabla haujashika moto.